Mtutu wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini niliogopa kubisha mlango. Nilikuwa nimetoka kwetu Endagikot na cheti cha darasa la saba kimekunjwa ndani ya daftari. Nilipanda lori la magunia hadi Katesh, na kutoka hapo nikatembea mpaka kwenye shamba la ngano la serikali. Mlango wenyewe ulikuwa wa ghala la silaha. Nilisimama nje mpaka mtu wa ndani akaufungua ili amwage masalia ya chai.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Umesimama hapo tangu lini?"

"Tangu kengele."

Aliyeuliza alikuwa Mkuu wa Ulinzi, mwanajeshi mstaafu ambaye wote tulimwita Afande. Aliniangalia juu mpaka chini, kisha akasema, "Basi utafaa. Mtunza silaha mwenye haraka huua watu."

Hivyo ndivyo mimi, Boay, nilivyopata kazi ya kutunza bunduki.

Vijana wanaoziona zile tambarare leo hawajui kwamba ngano ililindwa kwa silaha. Ndege waharibifu walikuwa kazi ya watu wengine, waliokuja na eropleni ya dawa. Sisi tulikuwa na ngiri, nguruwe pori na nyani. Ngano ikianza kujaza masuke, ngiri mmoja na familia yake wanaweza kulala ndani ya shamba wiki nzima, nanyi mkaja kukuta uwanja wa mpira. Walinzi walitumia bunduki za marisau, yaani risasi yenye vipira vidogo vingi vya madini vinavyotawanyika. Asubuhi niliwagawia bunduki na risasi, kila mmoja akaweka kidole gumba kwenye kitabu. Jioni nilizipokea, nikazisafisha kwa ufito wenye kitambaa, nikafunga kufuli mbili.

Mlinzi niliyemzoea kwanza alikuwa Gidahoda, Mbarbaig wa hapohapo Hanang. Ardhi aliyolinda ilikuwa malisho ya baba yake kabla ya matrekta kufika. Hakupenda kuzungumza habari hizo, lakini kulikuwa na kona moja ya shamba, walikozikwa wazee wake, ambayo hakuikanyaga. Alizunguka, hata kama mvua inanyesha. Mimi alinitania kwa sababu ya maandishi yangu. Tangu shuleni naandika polepole, kila herufi peke yake.

"Boay, kalamu yako ni kinyonga anavuka barabara," alisema huku akisubiri nimalize kuandika namba ya bunduki yake. "Nyinyi watu wa jembe, hata karatasi mnailima."

"Na nyinyi watu wa ng'ombe mnaikanyaga tu," nikamjibu, kwa sauti ndogo.

Mwaka wangu wa tatu zililetwa bunduki mpya sita. Kila moja ilikuwa ndani ya sanduku lake la mbao nyeupe, imepakwa grisi nzito ya kiwandani kama nta. Zilikuwa za mitutu miwili, na kila mtutu na kifyatulio chake. Kila sanduku lilikuwa na kadi ya dhamana. Afande aliisoma mbele yetu kwa sauti ya gwaride: bunduki ikiharibika, wakala wa Arusha ataitengeneza bila malipo, ila skrubu yenye lakiri nyekundu, muhuri wa kiwanda, isiguswe na fundi mwingine. Lakiri ikivunjika, dhamana imekufa. Meneja wa Shamba alisaini hati kwamba zote zimepokelewa zikiwa nzima. Hakuna aliyekuwa amefyatua hata moja.

Tano tulizitia kazini. Ya sita ilibaki katika sanduku lake, na grisi yake, kwa ajili ya wageni wa Meneja ambao wangekuja kuwinda kanga. Wageni hao hawakuja.

Wiki ya kwanza walinzi walirudi wananung'unika. Mtutu wa kulia ulilia vizuri. Wa kushoto ulisema tik, basi. Si kila mara, lakini mara nyingi. Nieleze kidogo. Kwenye kitako cha risasi kuna fataki, kiduara kidogo cha shaba. Ukivuta kifyatulio, pini hutoka na kugonga fataki katikati, nayo huwasha baruti. Nilizikusanya zile risasi zilizokataa katika kopo la kahawa, nikaona jambo. Zote zilikuwa na alama ya kugongwa, lakini alama ilikuwa pembeni, karibu na ukingo. Nilitaka kusema. Nilikaa nalo wiki mbili kabla sijamwambia Afande.

Bunduki mbili zikapelekwa Arusha ndani ya masanduku yao. Zilikaa msimu mzima. Ziliporudi zilikuwa ndani ya magunia, vitako vyake vya mbao vimepakwa vanishi mpya, na barua inasema zimetengenezwa. Tulizijaribu siku hiyohiyo. Kulia, mlio. Kushoto, tik.

Tukaandika tena. Jibu lilikuwa kwamba ndani yake yamekutwa mafuta ya wanyama, kwa hiyo kosa ni la matumizi mabaya. Hapo walikuwa na ukweli wao. Mafuta ya bunduki yalikwisha ghalani, maombi yetu yakalala mezani kwa mtu, na walinzi wakapaka mafuta ya mkia wa kondoo. Kwao hiyo ni dawa ya kila chuma, tangu mkuki. Asubuhi za baridi ya Hanang mafuta hayo huganda. Nililijua hilo na niliwakataza. Lakini mafuta yakiganda pini huwa nzito. Hayaisukumi ikagonga pembeni. Na kwa nini yagande kushoto tu?

Sikuandika hayo. Niliyafikiri tu. Hilo ndilo kosa langu, na sitalificha.

Asubuhi moja Gidahoda alikutana na ngiri dume katikati ya ngano. Alifyatua wa kulia, akampata begani. Mnyama akageuka na kumjia. Akafyatua wa kushoto. Wenzake waliokuwa karibu walisikia ile tik, kisha wakamsikia yeye. Pembe ilimpasua paja kutoka gotini kwenda juu. Walimbeba kwa turubai la trekta mpaka zahanati.

Siku ya nne ilifika gari ya wakala kutoka Arusha. Mtu wao alikuwa na viatu safi na fomu iliyokwisha kupigwa chapa. Meneja aliniita ofisini, Afande akiwa amesimama dirishani.

"Boay, saini hapa kama mtunza silaha," Meneja alisema. "Inasema bunduki iliharibiwa na mlinzi kwa kupaka mafuta yasiyoruhusiwa."

"Na Gidahoda?"

"Mlinzi akiharibu silaha kanuni inajulikana. Ataachishwa kazi. Familia ihame nyumba ya kambi mwisho wa mwezi."

Gidahoda alikuwa na watoto wanne katika nyumba ile, na mguu ambao bado daktari hakujua kama utabaki. Nilishika kalamu. Kisha nikaiweka chini.

"Bado kuna moja sandukuni, Meneja," nikasema. "Haijawahi kupakwa kitu."

Mtu wa wakala akacheka. "Kijana, mimi nimekuja kufunga jalada, si kuwinda."

Afande hakugeuka kutoka dirishani. "Yeye amesema sandukuni," akasema. "Lakiri ni yenu, grisi ni yenu. Unaogopa nini?"

Tulitoka nje. Nililifungua sanduku mbele yao wote. Niliosha grisi kwa mafuta ya taa kama kijitabu chao kilivyoagiza. Lakiri sikuigusa, nikamwonyesha mtu wa wakala ikiwa nzima. Nikampa bunduki yeye mwenyewe, na risasi mbili. Alielekeza kwenye kichuguu. Kulia, mlio. Kushoto, tik.

Tukasubiri kidogo, maana risasi iliyokataa huweza kuchelewa tu. Akaitoa.

"Risasi mbovu," akasema.

"Iweke kulia," nikamwambia.

Aliiweka kulia risasi ileile. Ililia, kichuguu kikatoa vumbi. Nikampa nyingine, aiweke kushoto. Tik. Alipoitoa nikamimina kopo langu la kahawa juu ya boneti ya gari yake, nikaiweka yake katikati ya zile za zamani. Alama zote zilikuwa pembeni, umbali uleule kutoka katikati. Tundu la pini lilitobolewa kombo kiwandani. Mtoto wa darasa la kwanza angeliona.

Mtu wa wakala aliziangalia moja moja. Kisha akasema kwa upole, "Sawa, nimeona. Wewe saini tu hii fomu, mengine nitayarekebisha ofisini."

"Sisaini hiyo. Nitaandika yangu."

"Utaandika nini wewe, darasa la saba?"

"Nilichokiona."

Nilikaa kwenye meza ya ghala, nikaweka karatasi kaboni ili nipate nakala, nikaanza. Niliandika namba ya kila bunduki. Niliandika kwamba mafuta ya kondoo yalipakwa, na kwa nini yalipakwa, na kwamba bunduki ya sanduku haikuyajua mafuta hayo. Kila herufi peke yake. Jua lilipita juu ya paa. Dereva wao akapiga honi, akachoka, akalala kwenye usukani. Mtu wa wakala hakuweza kuondoka, maana jalada lisingefungwa bila mkono wa mtunza silaha.

Meneja aliingia mara mbili. Mara ya pili alifunga mlango.

"Boay, kazi hii unaipenda?"

"Naipenda, Meneja. Ndiyo maana siandiki haraka."

Akaufungua mlango, akatoka. Nilipomaliza ulikuwa ukurasa mmoja na mistari michache. Afande alisaini chini yangu bila kuusoma. Mtu wa wakala akasaini kwamba ameupokea, akaondoka na vumbi lake.

Jioni nilikwenda zahanati. Gidahoda alikuwa amelala, mguu juu ya magunia. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Nasikia umewakalisha tangu mchana," akasema.

"Ndiyo."

"Kumbe kinyonga akivuka, hata lori husimama."

Hakuachishwa kazi. Mguu ulibaki, ila haukukunjika tena vizuri, akawekwa lango kuu. Familia ilikaa. Hayo nayahesabu kuwa ushindi, lakini ushindi wa bunduki sikuupata. Baada ya miezi mingi wakala aliandika kwamba atazibadilisha zote, mradi zirudi katika masanduku ya asili. Masanduku mawili walibaki nayo wao wenyewe. Mengine matatu Afande alikuwa amewagawia walinzi, na wakati huo kuku walikuwa wanataga ndani. Ilibadilishwa moja tu, ile ya sita. Zile tano Gidahoda alizifunga ukanda wa ngozi ya ng'ombe kwenye kifyatulio cha kushoto, ili mtu asikiamini wakati wa hatari. Bunduki mpya za mitutu miwili zikafanya kazi kama za mmoja.

Mimi nilihamishiwa ghala la mbegu, shamba jingine. Hakuna aliyesema ni adhabu. Nilihesabu magunia miaka mitano, mpaka Meneja mpya alipokuja na Afande akamwomba anirudishe. Nikabaki pale hadi serikali ilipoacha kulima. Siku ya mwisho polisi walikuja kuchukua silaha. Konstebo mmoja akashika ule ukanda mkavu, akauliza ni wa nini.

"Hiyo ndiyo dhamana tuliyopata," nikamwambia. Akaandika kitu kwenye kitabu chake. Sijui aliandika nini.

Sasa nimestaafu, nalima mahindi na mbaazi huku Nangwa. Watu huniuliza kazi ile ilinifundisha nini. Ilinifundisha kwamba aliyekuuzia kitu kibovu atakutazama wewe kabla hajakitazama kitu. Atatafuta mafuta ya kondoo kwako, na mara nyingi atayapata, kwa sababu hakuna mtu asiye na kosa dogo. Likubali lako. Kisha mrudishe kwenye lake.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinunua simu Katesh, mpya, na karatasi ya dhamana. Siku ya sita ikazima. Alirudi nyumbani analia. Mwenye duka amemwambia ameiangusha, na yeye mwenye duka hajaishika hata mkononi kuikagua. Tulikwenda wote wawili. Yule kijana mwenye duka alinisalimia vizuri, kisha akanipa fomu ya kusaini kwamba kosa ni la mtumiaji.

Nikamwomba karatasi nyeupe na kalamu. Nikavuta benchi karibu na kaunta, nikaketi mahali ambapo wateja wake wote hupita.

"Babu, itachukua muda gani?" mwenye duka akauliza.

"Sijui, kijana wangu," nikamwambia. "Mimi huandika polepole."