Sangara Asiye na Nyama

Juzi, pale Buhare, nilimwona mama mmoja akitoka kazini kwenye kiwanda cha samaki, mwanawe amekumbatia sangara mzima. Siku hizi kiwanda hicho kinalipa vizuri. Mfanyakazi anaweza kula samaki anayemkata. Nilisimama nikamtazama yule sangara.

Nilipokuwa mtoto, mama yangu naye alikuwaga mkata minofu. Mshahara wake ulitosha mapanki tu, yaani kichwa, mifupa na mkia. Aliyaanika kwenye kamba uani kwetu Kigera. Upepo wa ziwa ukivuma, yaligongana taratibu, macho wazi, kama watu wanaonong'onezana. Harufu yake iliingia hadi kwenye mashuka.

Sikuwahi kuona sangara wa namna nyingine. Niliamini ndivyo wanavyoogelea, mifupa mitupu, wakipita chini ya miguu ya watu. Ziwani sikutia mguu.

Alasiri moja nilimuuliza mama kwa nini Mungu aliwanyima nyama.

Akaacha kugeuza mapanki. Vidole vyake vilikuwa vyeupe, vimekunjamana kwa barafu ya kiwandani.

"Nyama wanayo, mwanangu," akasema. "Inapandaga ndege, inaenda Ulaya."

Tangu hapo, kila nikisikia ndege niliinua uso, nikingoja kuona minofu ikielea mawinguni, inatafuta mifupa yake.

Juzi pia ndege ilipita juu ya Buhare. Mimi nikatazama juu. Yule mtoto hakutazama. Alikuwa anamtazama samaki wake.