Pedali Zisizong'aa

Jumamosi nilikuwa nikingoja zamu yangu pale tunapooshea magari, njia ya kwenda Mumias. Mbele yangu mwanamume aliyevaa suti alimwambia mama anayeosha, "Ng'arisha kila kitu. Leo wakwe wataniona mara ya kwanza."

Mama alikuwa ameshasugua rimu, akapaka tairi na dashibodi mafuta ya kung'arisha. Alipofika kwenye pedali, akapangusa kwa kitambaa kikavu tu.

"Na mafuta?"

"Huko siwekangi, baba. Mguu utateleza."

"Gari ni langu!"

Mama akakunja kitambaa taratibu. "Gari la kaka yangu nilimpakia mafuta mimi mwenyewe, kila mahali. Mguu ukateleza kwa breki, akaingia kwa shamba la miwa. Alipona, lakini anatembeanga na fimbo."

Mwanamume aliingia garini. Akaketi, akakanyaga breki mara tatu, kisha akatoa leso yake nyeupe na kuanza kupangusa mafuta ya dashibodi yaliyogusa usukani.

Nami nikainama ndani ya gari langu, nikagusa pedali kwa kidole. Ziliteleza kama sabuni. Kumbe utelezi huo nimeuagiza mwenyewe kila wiki kwa vijana wengine wanaoosha hapa, na kushukuru juu yake.