Jeti ya Bitana Nyekundu

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Athok aliweka jeti yake juu ya meza ya chai. Bawa likagonga kikombe cha mumewe. Chai ikamwagikia legemat, vile vitumbua vya Juba, bado za moto, naye Thiik akasema, "Mm." Athok akacheka, akazipangusa legemat kwa kipande cha kitenge, akampa. Wakala. Ni hivyo tu. Asubuhi iliyofuata ilikuwa ya furaha, na furaha si kawaida. Kisha zikaja za hospitali, kando ya kitanda cha Thiik, siku tisa, zikaisha naye.

Athok alikuwa fundi cherehani, mtaa wa Hai Malakal. Kazi aliijulia Eldoret, enzi za ukimbizi, akairudisha Juba pamoja na watoto, sufuria na Kiswahili. Watu walimjua kwa sare za shule na magauni ya kwaya. Siku moja Shem, Mkenya wa benki, akamletea mfuko mrefu uliochanika.

"Unabeba nini humu, mwanangu? Mbuzi mzima?"

Shem akautoa mzigo: ndege ya jeti, ndogo, ya kurushwa kwa rimoti. Mama wa miaka sitini na mbili akausahau mfuko.

Miaka miwili alifundishwa na Shem, na Yafesi, Mganda mwenye duka la vipuri vya simu pale soko la Custom. Jeti yake aliijenga mwenyewe, kwa lile povu jeupe linalokuja na friji mpya. Ndani akatia feni ya betri. Mgongo akaufunika kitenge cha njano. Tumbo akalitia bitana nyekundu kama koti, ili ikiwa juu ajue imelala vipi.

Kilichomuuma ni kitabu. Marubani wa jeti walikuwa na kitabu chao cha majina, mtunzaji wake Shem, nao hukutana mara moja kwa mwaka, kwenye uwanja wa murram nje ya mji, mbali na njia ya ndege kubwa, wakiwa na karatasi yenye mihuri minne na askari wa kuilinda hiyo karatasi. Ili uandikwe, uruke, uzunguke mara tatu, utue kwa magurudumu. Macho ya rubani hayatoki angani, kwa hiyo kila mmoja husimama na mwitaji, mtu wa kumkumbusha. Mwaka wa kwanza mwitaji wa Athok alikuwa Yafesi. Yafesi alisema mengi mpaka neno la magurudumu likazama humo humo. Jeti ikatua kwa tumbo, ikalima tuta.

"Mwaka huu nataka mtu asiyesema ila la kusema," alisema Athok. Akamgeukia mumewe, mlinzi mstaafu, mtu wa maneno manne kwa siku. "Baba Bior, kazi yako ni neno moja. Nikisema natua, wewe unasema: magurudumu."

"Mm," akasema Thiik.

Basi siku ikafika. Jua jipya, vumbi jekundu, jeti kumi na moja zimepangwa kama watoto wa komunyo. Askari wa karatasi, jina lake Lony, alizizunguka zote, mikono nyuma.

"Ya haboba, bibi yangu, hii yako iko na bunduki?"

"Ina bitana," akasema Athok.

Shem alirusha kwanza. Jeti yake ilikula mafuta ya taa na kunguruma hata meno yakawasha. Ikapanda, ikageuka, ikawarudia uso kwa uso. Hapo ndipo jeti nyingi hufia: ikikujia, kushoto kwake ni kulia kwako. Shem akasukuma kulia. Jeti ikaenda kushoto, ikaingia kichakani kwa heshima zote.

"Bwana benki ameweka akiba!" Yafesi akapiga kelele. Watu wakavunjika mbavu. Shem mwenyewe alicheka akiwa amepiga magoti, akichomoa miiba.

"Mama, wewe hili huwa hulikosei. Kwa nini?"

"Miaka arobaini napima watu wakinitazama. Mkono wako wa kulia uko kushotoni kwangu. Ningekosea hapo, nani angevaa shati langu?"

Zamu yake ikafika. Akavua viatu. Thiik akasimama begani kwake, akilishika lile neno mdomoni kama mtu aliyeshika yai.

Jeti ikakimbia, ikanyanyuka. Athok akakunja magurudumu. Lony akainama ingawa ilikuwa mbali. Duru ya kwanza safi. Duru ya pili, mwewe mmoja akaiona. Labda alipenda kitenge. Akaifuata. Jeti ikapinda, mwewe akapinda. Jeti ikapanda, mwewe akapanda, akapitwa, akapiga kelele za kuonewa.

"Mama, mimi iko hapa! Usiogope! Bwana ndege anataka kuoa!" Yafesi akaita.

"Mwambie alete ng'ombe!" Athok akajibu, macho juu, rimoti ikitikisika kwa kicheko.

Na Thiik, mtu wa maneno manne, akacheka. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda, kikamkunja mara mbili. Hakukumbuka lini alicheka hivyo. Machozi yalimtoka, kofia ikaanguka. Duru ya tatu ikapita asiione.

"Natua!" akasema Athok.

Thiik alikuwa bado amejikunja.

Jeti ikaja chini, chini zaidi. Akainua uso akaliona tumbo: jekundu tupu, laini, bila kitu. Akafungua mdomo. Kikatoka kicheko. Akafungua tena. Kwikwi. Jeti ilikuwa kimo cha nyumba. Mwaka mzima wa mama huyu ulikuwa unateremka na bitana yake, na neno lilikuwa moja tu.

"MAGURUDUMU!" Sauti ikamtoka ambayo hata yeye hakuijua. "MAMA BIOR! MAGURUDUMU! MAGURUDUMU!"

Lony akasimama wima, akapiga saluti. Athok akavuta, jeti ikafagia vumbi, ikapanda tena. Betri ikaanza kulia, tii, tii, tii. Hapakuwa na mzunguko mwingine. Akaigeuza, miguu ya magurudumu ikatoka mmoja mmoja, jeti ikawajia uso kwa uso. Upepo ukainua bawa. Athok akalirudisha taratibu, kama anayemnyoosha mteja bega.

Ikagusa. Ikaruka. Ikagusa tena, ikakimbia, ikasimama. Gurudumu moja lilichomoka, likaendelea na safari peke yake mpaka kwenye buti za Lony.

Wote wakamtazama Shem.

"Sheria inasema kwa magurudumu," akasema Shem. "Haikusema yakae."

Uwanja ukalipuka. Yafesi akacheza na jeti kichwani. Lony akalibeba lile gurudumu kwa mikono miwili kama hati ya serikali. Shem akafungua kitabu juu ya boneti ya gari, akaandika jina la Athok, akauliza la mwitaji aliweke wapi. Athok alikuwa amemshika mumewe mkono, mkono wa kulia, bila kuutafuta. Akasema hivi, neno kwa neno:

"Andika jina lake juu ya langu. Mimi nimerusha ndege tu; huyu mzee amepiga kelele."