Harufu ya Baba Darasani

Enzi zetu pua ilikuwa na kazi. Sisi tuliokulia kwenye laini za mashamba ya wazungu kule Bahati, zile safu za vibanda vya vibarua, tulijua ni nyumba gani inachemsha githeri ya mahindi na maharagwe na ni ipi imeiunguza, tukiwa bado mbali barabarani. Leo mjukuu wangu hawezi kunusa maziwa akajua yameharibika. Anasoma tarehe kwenye pakiti, akiona haijafika anakunywa, halafu anashika tumbo.

Pua hizo ndizo Mwalimu Barasa alizopenda kuzipima. Alikuwa kijana mpole aliyetoka upande wa magharibi, na shule yetu ya shamba ilikuwa chumba kimoja cha mbao, madirisha bila vioo. Asubuhi ukungu uliingia ukakaa nasi kwenye mabenchi. Alitufundisha kwamba mtu ana milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. "Ukifunga mmoja, mingine inafunguka zaidi," alisema. Kisha akatoa kitambaa cheusi, akawa anatufunga macho mmoja mmoja na kutunusisha majani ya chai, kipande cha sabuni, mafuta ya taa. Njoroge alipoita sabuni mafuta ya taa, darasa zima lilimzomea kwamba pua yake imezibwa na kamasi.

Ikafika zamu ya dada yangu Nyambura. Baba yetu alikuwa amechukuliwa na askari wa wakoloni wakati wa hali ya hatari, na tangu lori liondoke naye hatukuwa tumesikia neno lolote. Kazi yake ilikuwa kwenye kibanda cha kukaushia pareto. Harufu ya maua yale ilikuwa imeingia kwenye koti lake, kwenye nywele, hata kwenye mkate aliotumegea.

Mwalimu alimwekea Nyambura kitunguu puani. Nyambura akageuza uso, akauelekeza mlangoni.

"Baba," alisema.

"Baba yako ni kitunguu!" Njoroge akadakia, tukacheka.

"Baba amesimama hapo. Ananuka pareto na ugoro."

Tuligeuka sote. Mlangoni palikuwa na ukungu tu. Msimu wa kuchuma pareto ulikuwa bado, na kibanda kilikuwa kimefungwa, majiko yake baridi. Mwalimu alikifungua kile kitambaa upesi, akakitia mfukoni, akatuambia tutoe vitabu vya hesabu.

Nyumbani Mama alimsikiliza Nyambura bila kuacha kumenya viazi.

"Alikohoa?"

"Hapana, Mama."

"Mbwa wa mwalimu alibweka?"

"Alikuwa amelala pale pale mlangoni."

Mama akaweka kisu chini, akamwita jirani yetu, Mama Kamau, aje na wembe. Kwetu mwanamke alinyolewa nywele mume akifa. Mama Kamau alikuja na wembe, lakini alipoelewa shida ni nini aliuficha mgongoni.

"Mama Nyambura, una wazimu? Unamzika mtu mwenye pumzi?"

"Mwenye pumzi angeanzia hapa, kwenye uji wake," Mama alisema. "Angeenda shuleni kufanya nini? Kunyoa, ninyoe."

Alinyolewa pale uani mchana kweupe, kisha sisi watoto. Nakumbuka ubaridi wa wembe nyuma ya sikio, na kwamba hakuna mtu aliyelia. Laini nzima ilitukwepa. Walisema mwanamke yule amemfungia mumewe njia ya kurudi.

Baadaye wanaume walianza kuachiliwa. Lori lilipopiga honi barabarani, wanawake walitoka mbio na vibuyu vya uji. Mama alibaki akipalilia viazi vyake. Aliyekwenda ni Nyambura. Alisimama kando ya barabara, macho ameyafumba, wanaume wakishuka na kumpita mmoja mmoja. Kisha alirudi na kuchukua jembe. Baba hakurudi. Hakuna aliyetuambia alifia wapi, wala lini, wala kama alikufa.

Siku hizi mtu akichelewa kidogo unampigia simu, anakuambia yuko karibu, na huenda hajatoka hata kitandani. Wajukuu wangu hunicheka nikiwaambia kwamba sisi tuliishi miaka na swali moja.

Nyambura tumemzika mwaka huu. Nilipokuwa nikimlisha uji hospitalini Nakuru, alinishika mkono.

"Siku ile ulikuwa umekaa benchi la mbele, karibu yangu," alisema. "Wewe ulisikia ile harufu?"

Ningeweza kusema ndiyo, na angelala vizuri. Lakini hatukuzoea kudanganyana.

"Sikusikia, dada. Nilisikia kitunguu tu."

Aliuachia mkono wangu, uji ukapoa kwenye kijiko.

"Basi," akasema, "huenda aliyemzika Baba ni mimi."