Jirani Anajifunza Kunong'ona

Jirani yangu ananyoosha bodi za magari, na nyundo zimemharibu masikio; akikusalimia wewe, mtaa mzima unaitikia. Wiki hii anajifunza kunong'ona. Bintiye amemaliza shule na anataka kukiona chuo kabla hajaomba nafasi, kwa hiyo Ijumaa wanakwenda jijini, na kila jioni wanaipanga safari hiyo barazani: ofisi ya udahili kwanza, kisha mabweni, kisha maktaba. Hapo kwenye maktaba ndipo alipogutuka. "Humo watu hawaongei?" "Wananong'ona, Baba." Tangu hapo hana raha. Anafuta rangi vidoleni, kimoja kimoja, anauegemea ukuta wetu na kuniuliza, "Vipi hapo, jirani?" Kuku wanakurupuka. "Punguza," namwambia. Anameza mate na kujaribu tena, mishipa ya shingo imemtoka kama mtu anayesukuma lori.

Jana akafaulu. Alimwambia bintiye kitu, nami niliyekuwa ukutani sikuambulia hata neno. Binti akaacha kupiga pasi.

"Umesemaje, Baba?"

"Nasema, huko sitakuaibisha."

Binti akamsogelea. "Baba, jiji lile watu kama siafu. Tukipotezana, nawe unanong'ona, nitakupataje?"

Akakuna kidevu, akanitupia jicho kama anayeomba ruhusa, kisha akaliita jina la mwanawe kwa sauti yake yote. Mbwa wa mtaa wa pili wakajibu.

"Abee," akaitika binti, naye alikuwa amesimama karibu naye kiasi cha kumgusa.