Herufi ya Nane

Nakumbuka siku moja ya mwaka 2008, mwanangu, nilipofuta herufi moja kwa sababu tu ilinikera.

Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili mjini Nakuru, nikichunguza hamira ya muratina, ile pombe ya asali, iliyotoka Subukia. Ndani ya chembe ya hamira mna vijumba vya nishati viitwavyo mitokondria, na humo mna RNA chukuzi: uzi mfupi wa herufi za kemikali, uliojikunja vitanzi vitanzi mfano wa jani la klova lenye vipande vitatu, ambao kazi yake ni kuleta asidi-amino mahali protini inapoundwa. Kwenye kitanzi cha chini, vitabu vilisema, herufi huwa saba. Yangu ilikuwa na nane.

Nilihesabu mara kumi na moja. (Ndivyo nilivyo, hata chumvi huionja mara mbili.) Vurugu za baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa mwaka, zilikuwa zimenitikisa, nikatamani angalau kitu kimoja duniani kikae kama kilivyoandikwa. Nikaifuta ya nane. Ripoti, iliyokuwa sura ya tasnifu yangu, ilitakiwa kumfikia msimamizi wangu saa tisa alasiri, na shahada yangu ilitegemea sura ile.

Mzee Gurdip, fundi wa maabara, alikuwa na desturi ya kulinganisha kila ripoti na mchoro wa mashine ya kusoma herufi, ambapo kila herufi huonekana kama kilele kimoja, penseli mkononi. Akaniita.

"Daktari, kwenye kitanzi mashine imechora vilele vinane. Wewe umeandika saba. Huyu wa nane amepanda gari la Rongai akaenda zake?"

"Mzee, kitabu kinasema saba."

"Na hicho kitabu kimewahi kuonja muratina?"

Nilicheka, kisha aibu ikanishika. "Nimeifuta mimi."

"Basi irudishe. Halafu umwambie msimamizi mwenyewe, kabla mimi sijamwambia."

Nilimwambia. Akanirudisha kupima upya. Sura ikachelewa wiki tatu. Nane zikatokea tena. Ndipo nikapekua majarida ya zamani, nikakuta wataalamu walikwisha kuijua: katika hamira, RNA hiyo ina kitanzi cha herufi nane, nayo huleta asidi-amino iitwayo threonini pale ambapo viumbe wengi huleta nyingine, leusini. Sikuwa nimegundua jipya. Hata hivyo, shahada niliipata kwa kazi ambayo ningeweza kumwonyesha yeyote, na furaha hiyo ninayo mpaka leo.

Mficha uchi hazai, mwanangu. Ukikuta jambo lisilolingana na ulichofundishwa, liandike kama ulivyoliona, kisha uulize. Na ikiwa umekwisha kulifuta, sema mapema: kosa lililotajwa hupimwa upya, lililofichwa hujengewa nyumba juu yake.

Mungu akujalie moyo mtulivu, akuzungushie watu wa kukwambia kweli huku wakikupenda.