Mpishi Aliyepotewa na Ladha

Wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni walimwita Shangazi, ingawa wengi wao walimzidi umri. Ndiye aliyewapikia chakula cha mchana, na mkono wake ulisifika. Kwa hiyo siku maharage yalipotoka chumvi tupu, fundi mitambo alisukuma sahani.

"Shangazi, leo umetuchotea bahari?"

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alikuwa ameonja na kuonja, asisikie kitu. Tangu ile homa iliyomlaza muda mfupi baada ya mumewe kurudi kazini, kinywa kilimuwaka na ulimi ulifunikwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Alipousugua kwa mswaki, ulibanduka na kuacha nyama nyekundu inayotoka damu.

Kwenye zahanati, daktari alimmulika kinywani kwa tochi.

"Dada, hizi ni fangasi. Zinatibika. Ila si kawaida kwa mtu mzima kama wewe, heri tupime na damu."

Majibu yakaonyesha VVU. Maambukizi bado machanga. Akapewa dawa ya maji, aizungushe mdomoni, aikalishe kidogo, ndipo ameze. Akapewa pia vidonge vya kufubaza virusi, vya kila siku.

"Hivi usiviache hata ukijisikia mzima," daktari alimsisitizia.

Mumewe alikuwa seremala, akifanya kazi mbali na kurudi kwa likizo tu. Shangazi alimpigia simu akamweleza yote. Kisha simu ikakatika, na tangu hapo hakupokea tena.

Utando ukaisha. Chai ikawa tamu tena, na hakukuwa na wa kumwambia. Alimkasirikia mumewe, na bado alimtamani: harufu ya mbao kwenye shati lake, miguu yake ya baridi kitandani, alivyokuwa akidokoa sufuriani chakula hakijaiva.

Jumapili moja akifua, simu ikaita.

"Mke wangu, nimepima. Ninavyo virusi. Nimeshaanza dawa."

Akaketi juu ya ndoo aliyoipindua. "Mbona ulikuwa hupokei?"

"Aibu. Mimi ndiye niliyekuletea."

"Rudi nyumbani."

"Utanifukuza."

"Nitakusema kwanza, mpaka ukome. Halafu utakula."

Akamsikia akilia. Likizo ilikuwa bado mbali, na msimamizi wake hakuwa mtu wa kutoa ruhusa. Wakaongea mpaka salio likaisha. Akabaki ameishika simu iliyonyamaza, povu likimkaukia mikononi, akitamani hata lile vumbi la mbao alilokuwa akimgombeza kila mara kwa kuliingiza ndani.